Kibali cha bastola unaweza kupata, kazi inaanza ukifika nayo nyumbani

Kila tukienda kutoa elimu mtaani kuna mtu lazima asimame aulize, afande kwanini msiruhusu tu raia wanunue bunduki wajilinde, majambazi si wanazo? Na ukumbi mzima unapiga makofi.

Sasa kwanza tuwekane sawa, Tanzania raia anaruhusiwa kumiliki silaha. Kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, unaomba, unachunguzwa, ukifaa unapewa leseni. Ila ni leseni sio haki, Katiba yetu haijaandika popote kwamba bunduki ni haki yako kama Marekani walivyoweka kwenye yao tangu 1791, na leo kule bunduki za raia ni nyingi kuliko watu wenyewe.

Watu wanalalamika mlolongo mrefu, mara serikali ya mtaa, mara kamati ya usalama, mara polisi. Mimi naona uko sawa kabisa. Mwenyekiti wako wa mtaa ndio anajua kwamba ukinywa mbili tatu unamfukuza mkeo uani usiku, hiyo kompyuta ya makao makuu itaijulia wapi?

Halafu jiulize unalinda nini. Zamani mfanyabiashara alikuwa analala na mauzo ya wiki chini ya godoro, siku hizi hela nyingi iko kwenye simu. Na mtaa ukishajua una bastola, mwizi anaweza kuja kuifuata hiyo hiyo bastola.

Lakini kinachonitisha zaidi ni utunzaji. Siku moja tuko uwanja wa shabaha, mzee mmoja ana leseni miaka mingi, nikamwambia mzee wangu hakikisha silaha haina kitu. Akachomoa magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi, akaiweka mezani, akasema tayari afande. Nikamwambia elekeza kule kwenye tuta la mchanga, vuta koki, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma. Akavuta, risasi moja ikaruka ikadondoka miguuni kwake, ting. Mzee alikaa kwenye benchi dakika nzima haongei. Kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha ingia chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, na watu wengi wanapoteza maisha hapo hapo, mtu anafuta bastola sebuleni, au mtoto kaikuta chini ya mto anacheza polisi na mdogo wake. Ukitoa magazini vuta koki, angalia chemba kwa macho, kisha kwenye kasiki ufunge, risasi ziwe sehemu nyingine, na funguo usiitundike nyuma ya mlango jamani.

Lingine ni mirathi. Mwenye leseni akifariki ile silaha hairithiwi kama ng'ombe, leseni ilikuwa na jina lake yeye. Familia inatakiwa itoe taarifa polisi na kuikabidhi, anayeitaka aanze maombi yake upya. Nyumba nyingi vijijini bado kuna gobore la babu darini, watu wanaogopa kukamatwa, ndio maana huwa kunatangazwa msamaha, kama ule wa Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022, unasalimisha kwa hiari hushtakiwi. Ukilikuta usilijaribu kuona kama bado linalia, na usilifunge kwenye kanga ukapanda nalo bodaboda. Liache hapo hapo lilipo, piga simu kituoni au mwambie mtendaji wa kijiji, tutakuja kulichukua wenyewe.