Mandarini si kabila

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mwalimu: "Wamandarini ndio kabila kubwa la China." Najua kosa linakotoka. Kiswahili chenyewe kinatuvuta huko: Kihaya kina Wahaya, Kigogo kina Wagogo, basi Kimandarini, lugha kuu ya China, nacho lazima kina wenyewe. Lakini kabila kubwa la China ni Wahan. Mandarini alikuwa ofisa wa serikali ya kifalme, msomi aliyepata kazi, mara nyingi, kwa kufaulu mitihani ya dola.

Jina lenyewe wala si la Kichina. Limeanzia kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India: mantrin, mshauri wa mfalme. Wamalay wakalifanya menteri, na hadi leo kule Malaysia menteri ni waziri. Wareno, walioiteka Malacca, bandari ya Wamalay, mwaka 1511, wakalichukua na kulivuta upande wa kitenzi chao mandar, kuamuru, likawa mandarim. Wachina wao husema guan.

Na lugha? Enzi za Ming na Qing, nasaba mbili za mwisho kutawala China, ofisa kwa kawaida hakupangiwa kazi katika jimbo alikozaliwa, asije akapendelea ndugu. Mtu wa Guangdong, kule kusini, akipelekwa kaskazini, lugha ya mama yake haikumfaa kitu, si kwa wenyeji wala kwa wenzake kazini. Maofisa wakawa na lugha yao ya kuelewana, guanhua, yaani usemi wa maofisa. Wageni wakaiita kwa jina lile lile walilowapa maofisa. Kimandarini ni lugha ya ofisini, haikupewa jina la ukoo wowote.

Wengine humwita mandarini kabaila. Hapana. Cheo chake hakikurithiwa kama umwinyi, ingawa ni kweli wenye mali ndio waliomudu kumwacha kijana asome miaka na miaka. Wala si kila msomi alikuwa mandarini: shahada ya kwanza, shengyuan, ilimwepusha mtu na viboko na kazi za shokoa, lakini haikumpa ofisi. Wengi walizeekea hapo wakifundisha watoto. Mitihani ilifutwa mwaka 1905.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kwa kabila andika Wahan. Na mandarini wakiwa wengi, sema mamandarini, kama tusemavyo maofisa, mahakimu na makarani. Ile wa- ndiyo inayowapeleka wanafunzi kwenye ukabila.