Spika za honi na sabufa katika sebule ya tofali

Mzee mmoja mstaafu wa hapa Dar es Salaam aliniita nikague sebule yake baada ya kujipatia jozi ya spika za honi aina ya La Scala zilizotumika. Aliweka muziki wa dansi, akasikiliza kidogo, kisha akaniambia, "Fundi, waimbaji wote wamefika, mpiga besi ndiye amechelewa njiani." Nilicheka, lakini kazi ilipoendelea niligundua kwamba kauli yake ilikuwa sahihi kwa namna mbili: besi ilikuwa pungufu, na hata ile tuliyoiongeza baadaye kwa sabufa, yaani spika ya besi pekee, ilifika ikiwa imechelewa kweli.

Upungufu huo hautokani na ubovu wa spika. Koni ya spika ikiachwa wazi huisukuma hewa kwa shida, kwa sababu yenyewe ni nzito na hewa iliyo mbele yake ni nyepesi mno, hivyo nguvu nyingi ya amplifaya huishia kuwa joto. Honi huipa koni hewa iliyobanwa kwenye koo jembamba, kisha huipanua hewa hiyo polepole hadi mdomoni, na kwa njia hiyo wati chache hutoa sauti kubwa huku koni ikitikisika kidogo sana. Sharti lake ni kwamba mdomo uwe mkubwa kulingana na urefu wa wimbi linalopita. Wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8.7, na honi iliyo mahali pa wazi huhitaji mdomo ambao mzingo wake unakaribia urefu huo, yaani kipenyo cha mita 2.8 hivi, kitu ambacho hakipiti mlango wa nyumba yoyote ninayoijua. Ndiyo maana honi za bati zilizo juu ya minara ya misikiti hubeba sauti ya muadhini mbali sana bila kuwa na besi hata kidogo.

Paul Klipsch, aliyeanzisha kampuni yake ya spika mjini Hope, Arkansas, Marekani, mwaka 1946, aliupunguza ugumu huu kwa kuiegemeza spika yake ya Klipschorn kwenye kona ya chumba, ili kuta mbili na sakafu ziwe mwendelezo wa mdomo wa honi. La Scala, spika yake nyingine iliyotoka mwaka 1963, haihitaji kona, na hiyo ndiyo faida yake. Gharama ni kwamba besi yake huanza kuporomoka karibu na hezi 51. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne, na ya kontrabesi pia, ni hezi 41. Noti kadhaa za mwisho za mpiga besi, kwa hiyo, hubaki nje ya mlango.

Nilianza na chumba kabla ya kufikiria sabufa. Sebule ilikuwa na urefu wa mita 5.2, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.8, kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa kwa nyumba za Marekani zenye kuta za mbao na jipsamu, ambazo huachia sehemu kubwa ya besi itoke nje. Tofali za saruji huirudisha karibu yote ndani. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, na hesabu rahisi ya kugawa mwendo huo kwa urefu wa chumba mara mbili inaonyesha kwamba sebule hii itavuma kwenye hezi 34 kwa urefu wake na hezi 44 kwa upana wake. Mazulia na mapazia mazito hayagusi masafa hayo. Wateja wengi hununua sponji za kubandika ukutani wakitarajia zitaimeza besi, na mimi huwashauri fedha hiyo wainunulie godoro la mgeni.

Kuhusu aina ya sabufa, kuna imani kwamba honi ni "nyepesi" na sabufa ni "nzito", na kwamba lazima itafutwe sabufa yenye "kasi". Mimi siamini hivyo. Wimbi la hezi 40 huchukua milisekunde 25 kukamilika, liwe limetoka kwenye koni ndogo au kubwa. Kinachosikika kama uzito mara nyingi ni chumba kinachoendelea kuvuma baada ya noti kukatika, au sabufa isiyolingana na spika kwa wakati. Nilichagua sabufa ya boksi lililofungwa, yenye koni ya inchi 12, kwa sababu sauti yake hupungua taratibu kwenye masafa ya chini kabisa na ni rahisi kuilinganisha. Suala la nguvu lilikuwa zito zaidi. La Scala hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 kwa wati moja, ilhali sabufa ya aina hiyo hutoa kama 88. Tofauti ya desibeli 17 ni sawa na nguvu mara 50, hivyo kila wati ambayo mzee anaipeleka kwenye honi inaidai sabufa wati 50 ili ziende pamoja.

Tuliiweka sabufa moja kwenye kona ya mbele, na hapo chumba kikatufundisha. Kwenye kochi la mzee, lililokuwa katikati kabisa ya upana wa sebule kama inavyotakiwa kwa usikilizaji, noti za karibu na hezi 44 zilinyauka, lakini mama mwenye nyumba, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni ulio ukuta wa pembeni, alilalamika kwamba besi inamsukuma kifua. Wote wawili walikuwa sahihi. Wimbi la upana hujaa kwenye kuta mbili za pembeni na kufa katikati. Dawa yake haikuwa kuongeza sauti, bali kuongeza sabufa ya pili kwenye kona nyingine ya mbele, ukuta wa pembeni wa mkabala, ili zote mbili zisukume kwa pamoja na kulinyima wimbi hilo nafasi ya kuanza. Pengo lilijaa. Wimbi la urefu, la hezi 34, lilibaki limevimba, nami nikalipunguza desibeli 6 kwa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani.

Baada ya hapo ndipo nilipomshughulikia yule mpiga besi aliyechelewa. Niliweka krosova, yaani mpaka wa kugawana kazi kati ya honi na sabufa, kwenye hezi 70, honi zikichujwa chini ya hapo ili koni zake zisihangaike kupiga masafa ambayo honi haizibebi tena. Prosesa iliyo ndani ya sabufa, yaani kifaa cha kuchakata sauti, pamoja na vichujio vyake, iliichelewesha besi kiasi kwamba kwenye hezi 70 pande mbili zilikuwa zikipingana badala ya kusaidiana. Huwezi kuiharakisha besi, kwa hiyo unazichelewesha honi, nami nilifanya hivyo kwa prosesa nyingine iliyo kabla ya amplifaya yao. Niligeuza nyaya za sabufa kwa makusudi, chanya mahali pa hasi, nikaongeza ucheleweshaji wa honi kidogo kidogo huku nikitazama vipimo vya maikrofoni, hadi shimo kwenye hezi 70 likawa refu kuliko yote. Shimo hilo lilipatikana kwenye milisekunde 6, sawa na kuzisogeza honi nyuma mita 2.1. Niliporudisha nyaya mahali pake, shimo lilijazika.

Prosesa hiyo ya honi ilileta kero nyingine. Spika ya desibeli 105 haifichi kitu, na mchakacho mdogo wa kielektroniki ambao spika ya kawaida ingeumeza ulisikika kama mchanga unaomwagika hadi kwenye kochi. Nilipandisha sauti kabla ya prosesa na kuishusha desibeli 20 kwa vipunguzi mbele ya amplifaya, na mchanga ukakoma. Mvumo wa hezi 50 uliobaki ulitokana na vifaa kuchomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Viliposhiriki soketi moja, uliisha. Wako mafundi wanaokata waya wa ethi ili kuuondoa mvumo huo, nami nasema wazi kwamba huko ni kuhatarisha maisha ya watu.

Kazi iliyobaki ni ya dirisha. Sasa kwa kuwa sebule inapata hezi 34, vioo vya luva hutetemeka na kugongana kila noti hiyo inapopita, na nimeahidi kurudi na vipande vya mpira vya kuviwekea chini.