Kwa nini Waismaili waliitwa mababu wa Freemason?

Kuna vitabu vya Ulaya vinavyodai kwamba Freemason, chama cha siri cha Ulaya ambacho wanachama wake hupanda daraja kwa daraja, chimbuko lake ni Uislamu. Watuhumiwa ni Waismaili wa Nizari, jumuiya ya Aga Khan, tulio nao Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam tangu karne ya 19.

Mwaka 1090 kiongozi wao Hasan Sabbah aliiteka ngome ya Alamut, kaskazini mwa Uajemi. Walikuwa wachache, wamezungukwa na dola ya Waseljuki, na waliwaua wakuu wa maadui zao kwa jambia, mara nyingi hadharani. Hilo ni kweli. Habari za bustani ya siri, vijana wakinyweshwa kilevi na kudhani wako peponi, ni ngano. Aliyeieneza ni msafiri Marco Polo, mtoto wa miaka miwili hivi Wamongolia walipoiangusha Alamut mwaka 1256.

Mwanahistoria Juvayni, aliyefuatana na Wamongolia, aliokoa misahafu na vifaa vya elimu ya nyota katika maktaba ya ngome, kisha akachoma vitabu alivyoviona vya uzushi. Hivyo Waismaili wakabaki kusimuliwa na mahasimu wao. Mmoja wao, wa karne ya 10, alikuwa amedai kwamba mfuasi hupandishwa daraja tisa, na mwishoni huachishwa dini kabisa.

Mapinduzi ya Ufaransa yakaitia Ulaya hofu. Mwaka 1797 padri Augustin Barruel aliandika kuwa yalipangwa na Freemason na Illuminati, chama kingine cha siri cha Ulaya. Kwa msomaji mwenye hofu hiyo, daraja tisa zilifanana mno na daraja za Freemason. Mwaka 1818 Joseph von Hammer-Purgstall wa Austria aliandika historia ya Alamut ili kuonya juu ya vyama vya siri. Mwaka 1924 Mwingereza Nesta Webster akaunga mnyororo: Waismaili wakawafunza Templars, wapiganaji wa vita vya msalaba, nao wakawarithisha Freemason.

Kiungo hicho cha Templars ni dhaifu mno. Waismaili wa Syria waliwalipa Templars kodi kila mwaka, na mwaka 1173 Templars walimuua mjumbe wa Waismaili aliyekuwa akitoka kwa mfalme wa Jerusalem. Sioni mwalimu na mwanafunzi hapo.

Linaloniuma zaidi ni batini. Maana ya ndani ya Qurani, ambayo Waismaili huitafuta kwa mwongozo wa Imamu, iligeuzwa kuwa ushahidi wa njama. Maandiko yao wenyewe, yaliyofichwa majumbani India, Syria na Asia ya Kati, yalianza kuchapishwa kwa wingi karne ya 20. Zile daraja tisa hazimo.