Makala ya vitamini haianzii kwenye kompyuta: tunayoyaamini huku Kigoma na yalivyo kweli

Mvua zikishaanza, vijana wawili watatu hunijia nyumbani na kompyuta mpakato kwapani. Ni maafisa lishe, wauguzi, wakufunzi wa vyuo. Wamefanya utafiti Kasulu, Buhigwe au Uvinza, wakaandika makala, wakaituma kwa jarida, na makala imerudi. Wote huanza na neno moja: "Dada, nisaidie Kiingereza."

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na ndiyo inayotupotezea muda kuliko zote. Huwa naomba kwanza barua ya wahakiki, wale wataalamu wanaoisoma makala kwa niaba ya jarida. Mara nyingi Kiingereza kimetajwa kwa mstari mmoja, mwishoni. Yaliyo juu yake ni maswali ya shambani: mlipimaje chakula cha mtoto mmoja wakati familia inakula sinia moja? Sampuli za damu zilihifadhiwaje? Mlitumia jedwali gani la viinilishe? Kibali kina namba gani? Sentensi mbovu hunyooshwa kwa wiki moja. Damu iliyoharibika njiani hainyooshwi na mtu yeyote, hata awe na shahada ngapi.

"Mawese ni mawese, yana vitamini A"

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo makala nyingi za mkoa wetu zinapolegea.

Mawese mekundu hayana vitamini A yenyewe. Yana karotini, hasa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini, kiasi ambacho mafuta machache sana ya kupikia duniani yanakifikia. Ndiyo maana kila mtafiti wa lishe anayefika Kigoma hutamani kuandika habari za mawese.

Sasa twende jikoni. Siku moja nilikaa na mama mmoja Mwandiga akipika kisamvu. Alimimina mawese kwenye sufuria kavu, akachochea moto, akaacha. Mafuta yalikuwa mekundu kama barabara ya vumbi. Yakaanza kutoa moshi, wekundu ukapungua, yakawa na rangi ya chai ya rangi, kisha manjano hafifu. Ndipo akatia kitunguu. Nilipomuuliza kwa nini anayaunguza, akajibu kuwa mumewe hapendi harufu ya mawese mabichi. Kijana niliyefuatana naye alikuwa ameshajaza fomu: "Mawese, vijiko 3." Kwa fomu ile, watoto wa nyumba ile wana karotini ya kutosha na kusaza. Kwa sufuria ile, sehemu kubwa ya karotini ilikuwa imekwenda na moshi, kwa sababu wekundu wa mawese ndiyo karotini yenyewe.

Kwa hiyo dodoso lisilouliza kama mafuta yaliunguzwa halijapima kitu, na hakuna takwimu za kuliokoa baadaye.

Kosa la pili ni kuchukua thamani za chakula kwenye jedwali la Marekani kwa sababu ndilo lililotangulia kwenye intaneti. Sisi tuna jedwali la vyakula vya Tanzania, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe (TFNC) na Chuo Kikuu cha Harvard. Lina vyakula vyetu na mapishi yetu. Litumieni, na pale chakula kisipokuwemo, andikeni thamani yake mmeitoa wapi.

La tatu ni hesabu ya kugeuza. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kwamba maikrogramu 6 za beta-karotini ya chakula ni sawa na maikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani wakaipandisha hadi 12, ila kwa beta-karotini safi iliyoyeyushwa kwenye mafuta wakaweka 2. Majedwali mengine yamebaki na 6. Maana yake ni kwamba bakuli lile lile la kisamvu hupoteza nusu ya vitamini A kwa kubadilisha tu hesabu. Makala isiyosema imetumia ipi, msomaji hawezi kuilinganisha na nyingine yoyote. Na anayechanganya maikrogramu na yuniti za kimataifa ndani ya jedwali moja akumbuke kuwa yuniti 1 ya retinoli ni maikrogramu 0.3. Matone ya vitamini A tunayowapa watoto kliniki huhesabiwa kwa yuniti: 100,000 kwa mwenye miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa mwenye miezi 12 hadi 59. Ukiongeza sifuri moja kwa bahati mbaya, umeandika habari ya sumu.

"Damu haidanganyi"

Hudanganya, na huku kwetu ina sababu nyingi za kudanganya. Kipimo kinachotumika sana ni retinoli kwenye seramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu inaposhuka chini ya maikromoli 0.70 kwa lita. Lakini mwili ukipambana na maambukizi, retinoli ya kwenye damu hushuka hata kama ini lina akiba. Mwaka 2017 Kigoma ndiyo iliyoongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2022 ikaongoza Tabora. Ukipima retinoli katika mikoa hii bila kupima pia CRP na AGP, protini zinazopanda wakati wa maambukizi, hujui kama umehesabu upungufu wa vitamini au umehesabu malaria. Wahakiki wanalijua hilo vizuri, na wana haki ya kuliuliza.

Niseme na langu. Katika utafiti wangu wa kwanza, mirija ya damu ilisafirishwa kutoka kijiji kimoja cha Uvinza hadi mjini ndani ya kikasha cha plastiki kinachopitisha mwanga, juu ya kiti cha gari, alasiri nzima ya jua. Retinoli huharibiwa na mwanga. Ilitakiwa kila mrija ufungwe kwa karatasi ya aluminiamu, ile ile ya kufunikia chakula, na ukae kwenye barafu. Majibu ya maabara yalipotoka, karibu kila mtoto alionekana ana upungufu, nami nikaamini nimegundua jambo kubwa. Mhakiki aliuliza swali moja tu: mirija ilifunikwa na nini? Sikuwa na jibu, nikaiondoa makala. Mpaka leo nawafikiria wale watoto. Walichomwa sindano, walilia, mama zao walituamini, na hakuna kilichopatikana.

Ndiyo sababu siku hizi nikiombwa ushauri kabla ya kazi kuanza, sizungumzii makala kwanza. Nauliza kikasha kiko wapi, barafu itatoka wapi, jenereta ya kituo cha afya inafanya kazi saa ngapi. Anayetaka kupima vitamini C ajiandae zaidi, kwani hiyo huharibika haraka hata ndani ya mrija na huhitaji kuwekewa asidi mara tu seramu inapotengwa.

Wanaopima hemoglobini, yaani wingi wa damu, nao wakumbuke kuwa hupanda kwa wanaoishi mahali pa juu, na wasidhani mwinuko ni habari za Mbeya na Njombe peke yake. Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulirekebisha kipimo kuanzia mita 1,000, hivyo Tabora, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, iliguswa, na sisi wa mwambao wa ziwa, kwenye mita 770 hivi, tukabaki nje. Mwongozo wa mwaka 2024 unaanzia mita 500. Sote tumo.

"Vitamini haidhuru, na matokeo mabaya hayachapishwi"

Dhana mbili hizi hutembea pamoja, na historia imezikanusha pamoja.

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ufini uliofuatilia wanaume 29,133, wote wavuta sigara. Baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, kwa matumaini kuwa ingewakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa wakaugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yalipotoka mwaka 1996 yakaonyesha hatari ile ile. Matokeo hayo yalikuwa kinyume na yaliyotarajiwa, yakachapishwa kwenye majarida makubwa, na yakabadilisha ushauri unaotolewa kwa wavuta sigara duniani. Hapa simtishi mla mawese: ile ilikuwa vidonge vya kiwango kikubwa kwa watu wanaovuta. Lakini mtafiti anayepanga kugawa vidonge vya karotini kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua lazima aujue utafiti huo kabla hajaandika pendekezo.

Hata hapa nyumbani mfano upo. Kisiwani Pemba watoto walipewa madini ya chuma na asidi foliki, katika eneo lililokuwa na malaria nyingi. Waliopewa wakalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Makala ilitoka mwaka 2006. Fikiria kama wangeificha kwa sababu "haikuleta matokeo mazuri". Vidonge vile vingeendelea kugawiwa kwa moyo safi kabisa.

Kwa hiyo kijana akiniambia utafiti wake "umefeli" kwa kuwa bustani za shule hazikuongeza vitamini A kwa watoto, namwambia aandike. Kama alipima vizuri na sampuli ilitosha, hilo ni jibu, na kuna mwalimu mkuu mahali fulani anayelihitaji kabla hajatumia fedha za bustani.

"Barua ya halmashauri inatosha"

Haitoshi. Barua ya mkurugenzi hufungua mlango wa kijiji tu. Utafiti wa afya kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha fanyika, kwa hiyo usikusanye damu kwanza ukidhani karatasi zitafuata. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni masharti yake: kibali cha NIMR kinataka uombe ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo, na nakala ya kilichochapishwa uipeleke kwao na Wizara ya Afya. Na kama unagawa kitu, iwe vidonge, unga ulioongezwa virutubishi au hata mawese, na kulinganisha makundi, hilo ni jaribio. Lisajili kabla ya mshiriki wa kwanza. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba walianza kulidai hilo mwaka 2005, na sajili ya majaribio ya Afrika iliyoko Cape Town haitozi chochote.

Kutuma makala kwenye majarida mawili kwa mpigo ili "kuokoa muda"? Hairuhusiwi. Ukigundulika, yote mawili yanakufungia mlango.

Kuna pia ile barua pepe inayokuita "Mheshimiwa Profesa" wakati una stashahada, ikiahidi kuchapisha ndani ya siku 3 ukilipa leo. Wenzetu wameliwa mishahara ya miezi miwili. Jarida la kweli halina haraka hiyo, kwa sababu wahakiki wanahitaji muda wa kusoma. Angalia kama limo kwenye DOAJ au AJOL, orodha za majarida zilizoko mtandaoni, na soma makala zake tatu kabla ya kutuma yako. Kwa mada zetu yapo majarida yanayojua dagaa na kisamvu ni nini bila kuelezwa, kama Tanzania Journal of Health Research au African Journal of Food, Agriculture, Nutrition and Development. Kuhusu ada, usidhani kila mtu kutoka Tanzania husamehewa. Tangu Benki ya Dunia ituhamishie kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, baadhi ya wachapishaji hutoa punguzo badala ya msamaha kamili. Ombi la msamaha lipelekwe pamoja na makala. Ikishakubaliwa, mara nyingi umechelewa.

Na majina. Bosi aliyesaini barua ya gari si mwandishi. Mwandishi amechangia kazi yenyewe, ameandika au kuihakiki makala, ameikubali nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia. Kwa kipimo hicho hicho, mtaalamu wa maabara aliyebuni namna ya kuhifadhi sampuli na akashiriki kuandika hawezi kuachwa kwenye mstari wa shukrani eti kwa sababu ana cheti tu. Hili hutuuma wengi na hatulisemi. Lisemwe siku ya kwanza, kabla ya safari ya kwanza ya kijijini.

Baada ya makala kutoka, wengi hufunga faili. Mimi nilirudi Mwandiga na karatasi moja ya Kiswahili, nikaisoma mbele ya wanawake wa kitongoji kile. Dodoso letu lililofuata lilikuwa na swali jipya: "Mafuta yalikuwa na rangi gani ulipotia kitunguu?" Yule mama alinyoosha mkono. "Sasa mwanangu, niyaache mekundu na baba watoto asile?" Tukakubaliana ajaribu kuanza kupika kwa mafuta mengine, na kijiko kimoja cha mawese mabichi akitie mwishoni, sufuria ikiwa inaepuliwa. Juma lililofuata alinitumia salamu kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii: mumewe amekula, hakusema kitu.