Si Maganda Matupu: Dhana Potofu Kuhusu Protini za Kirusi cha Aujeszky

Ninapofundisha biolojia hapa Malindi, huweka mezani nazi ambayo haijafuliwa iwe mfano wa kirusi cha Aujeszky, yaani kirusi cha herpesi kinachowapa nguruwe ugonjwa wa Aujeszky; nguruwe ni mnyama ambaye wengi wa wanafunzi wangu hawamfugi wala hawamli. Makumbi huwa utando wa nje, kifuu huwa ganda la ndani. Kwa bahati mbaya mfano huo umezaa dhana kwamba protini za muundo ni maganda matupu, na kwamba kazi yote hufanywa na DNA.

Ukweli ni kwamba ganda hilo halivunjwi kama kifuu kinavyovunjwa kabla ya nazi kukunwa. Huingia ndani ya seli likiwa zima, na protini pUL36 na pUL37 zilizobaki juu yake huliunganisha na njia za usafirishaji za seli, likavutwa hadi kwenye tundu la kiini. Ganda lina pembe 12, na moja tu ndiyo yenye mlango wa DNA. Nazi nayo ina macho matatu, lakini chipukizi hupita kwenye lile laini. Hapo mfano wangu unafaa.

Wengine hudhani kuwa protini zote za utando wa nje zina umuhimu sawa. La hasha. Protini iitwayo gC hushika heparani salfati, mnyororo wa sukari ulio juu ya seli, gD hujifunga kwenye nektini-1, protini ya seli, kisha gB na gH/gL huunganisha utando wa kirusi na ule wa seli. Bila gB kirusi hakiingii wala hakisambai; bila gD hakiwezi kuingia kutoka nje, lakini kilichokwisha kuingia huweza kupita hadi seli jirani.

Jina la Kiingereza la ugonjwa huu, pseudorabies (kichaa cha mbwa bandia), huwafanya watu waudhanie kichaa cha mbwa, ambacho kirusi chake ni cha RNA na cha ukoo mwingine.

Dhana ya mwisho ni kwamba nguruwe aliyechanjwa hatofautishwi na aliyeambukizwa. Chanjo ya Bartha, ambayo ni kirusi hiki kilichodhoofishwa, haina gE, protini inayosaidia kirusi kusambaa katika neva, kwa hiyo mnyama aliyepewa chanjo hiyo pekee hana kingamwili dhidi ya gE. Nguruwe mwenye kingamwili hizo amekutana na kirusi chenyewe, nacho hubaki kimelala katika neva zake maisha yote. Kwa kupima kingamwili hizo Ujerumani iliwabaini na kuwaondoa wabebaji mazizini, ikatambuliwa kuwa haina tena ugonjwa huo mwaka 2003.