Dawa ina saa yake: kutoka heparini hadi mofini

Mwanafunzi wa uuguzi aliniuliza tukiwa wodini: mgonjwa huyu ana donge la damu mguuni, anapewa heparini kwenye mshipa na wakati huohuo anamezeshwa warfarini. Zote mbili zinazuia damu kuganda. Je, hatumzidishii?

Nililipenda swali lile. Heparini ikiingia mshipani hufanya kazi palepale: inaikuta antithrombini, protini ambayo tayari imo kwenye damu, na kuiongezea nguvu mara nyingi sana. Warfarini haigusi kilichomo kwenye damu. Inazuia vitamini K isirejeshwe kutumika tena kwenye ini, na ini bila vitamini hiyo haliwezi kutengeneza vizuri vigandishi, yaani protini za kugandisha damu, namba II, VII, IX na X. Vile vya zamani vinaendelea kuzunguka mpaka viishe vyenyewe. Namba VII hupungua nusu kwa saa 6 hivi. Namba II huchukua siku mbili na nusu, pengine zaidi. Hapo ndipo wengi tunadanganyika: INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inapanda siku ya tatu, tunadhani mgonjwa amekingwa, kumbe ni namba VII tu iliyoshuka. Tena warfarini hupunguza protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia kuganda, na hiyo nayo hushuka mapema. Siku za mwanzo, warfarini peke yake yaweza hata kuongeza hatari. Kwa hiyo heparini haiachwi mpaka zipite angalau siku 5, na INR iwe imekaa 2 au zaidi kwa saa 24.

Hata mgonjwa akitoka damu, saa ni ileile. Protamini huizima heparini kwa dakika chache. Vitamini K huchukua saa kadhaa, kwa sababu ini lazima lianze kutengeneza upya.

Tangu hapo, nikifundisha dawa naanza na saa, dozi inafuata. Maana mahali nilipojifunza kwa uchungu ni kwenye mofini, dawa kali ya maumivu.

Mgonjwa wetu aliyekuwa ametoka upasuaji alizidiwa na mofini, akawa anapumua mara 6 kwa dakika. Akapewa naloksoni, dawa inayoizima mofini, akafumbua macho, akaongea. Sote tukashusha pumzi, tukaenda kwa wengine. Baada ya saa moja hivi nilimkuta amezama tena usingizini, midomo imeanza kubadilika rangi. Alipona, lakini sijawahi kuisahau midomo ile. Naloksoni hukaa dakika 30 hadi 90 tu, na mofini hukaa saa kadhaa. Ile ya kutoka polepole hufika saa 12. Naloksoni inaisha, mofini bado ipo. Mgonjwa aliyeamka ndiye wa kukaa naye karibu zaidi. Na naloksoni yenyewe itolewe kidogokidogo, lengo likiwa apumue, kwa sababu ukiimimina yote mara moja maumivu yote yanarudi kwa kishindo.

Usingizi hutangulia, pumzi hufuata. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi tayari anakuambia jambo, hata kama bado anapumua mara 14. Pumzi zihesabiwe dakika nzima.

Dawa za kushusha kinga zina saa ndefu zaidi. Methotreksati kwa baridi yabisi hutolewa mara moja kwa WIKI. Ikiandikwa au ikimezwa kila siku kwa makosa, uboho unanyamaza, hautengenezi tena chembe za damu, na mgonjwa anaweza kufa. Mimi humwuliza mgonjwa mwenyewe anaimeza siku gani. Akisita, sitoi mpaka nihakikishe. Vidonda vya mdomoni, homa na michubuko isiyo na sababu ni dalili za kupiga simu siku hiyohiyo.

Kwenye maambukizi saa hugeuka. Vankomaisini ikiingizwa haraka huleta wekundu, muwasho na presha kushuka, kwa hiyo dripu yake isipungue dakika 60. Lakini mgonjwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyouelemea mwili mzima, na presha iliyoshuka, antibayotiki yake ya kwanza isisubiri hata zamu ibadilike. Na mgonjwa mwingine akivimba midomo na kukosa pumzi baada ya penisilini, adrenalini ichomwe msuli wa paja mara moja. Dawa za mzio na steroidi zije baadaye, hizo hazimwokoi mtu dakika zile.

Mgonjwa wa warfarini akianzishiwa antibayotiki kama metronidazoli au kotrimoksazoli, INR yake hupanda ndani ya siku chache. Ipimwe tena mapema, bila kungoja tarehe yake ya kliniki.

Jambo moja la lugha yetu. Chati husema 22:00, sisi tunasema saa nne; na aliyezoea kuhesabu kwa Kiingereza anaweza kusikia 16:00 au 04:00. Nikikabidhi zamu nasema "saa nne usiku", kisha naweka kidole kwenye chati, mwenzangu anaisoma kwa sauti.