Mtoto Mdogo na Maji Yaliyokupwa

Wiki hii nimeulizwa tena, na baba mwenye mapenzi ya dhati kwa bintiye, swali ninaloulizwa kila msimu wa likizo: "Mwalimu, maji si yamekupwa? Mtoto ana hatari gani?" Nimefundisha watoto kuogelea katika pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Jambiani, kwa muda wa kutosha kujua kwamba imani hiyo haitokani na uzembe. Mgeni aliyefika jana kutoka Dar es Salaam au Dodoma huamka asubuhi akaikuta bahari imerudi nyuma hadi karibu na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, mchanga mweupe umetanda na yamebaki madimbwi ya kina cha kifundo cha mguu, akaamini kwamba mwanawe amepata uwanja wa kuchezea. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuyaeleza nikiwa nimesimama majini, huku nikilazimika kumtazama mtoto wa mtu ambaye yeye mwenyewe hamtazami.

Siku hiyo ilikuwa mwezi 16 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, bamvua lenyewe, yaani siku ambazo maji hupwa sana na kujaa sana. Binti huyo, wa miaka miwili na nusu, alikuwa amekaa kitako katika dimbwi, akijaza mchanga kwenye kikombe cha plastiki, akiumwaga, kisha akijaza tena. Maji yalimfika kiunoni. Wazazi wake walikuwa hatua kama ishirini mbele yake, juu ya fungu la mchanga, wakipiga picha. Kati yao wote na ufuo palikuwa na mkondo walioukanyaga asubuhi bila hata kukunja suruali, na sasa ulikuwa umefika mapajani bila wao kujua, kwa sababu walikuwa wameupa mgongo. Akina mama wanaolima mwani walikuwa wameshatoka. Bibi mmoja, wa mwisho kujitwika kiroba chake, alinipitia akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, waite wale, maji yashageuka."

Bahari yetu haijai kwa mstari mmoja unaosogea kutoka mwambani kuja ufuoni, kama watu wanavyodhani. Huingia kwa milango ya mwamba, yaani mapengo yake, ikatafuta kwanza palipo chini, ikajaza mikondo na madimbwi, ndipo ikapanda juu ya mafungu. Aliyesimama juu ya fungu akitazama mwambani huuona mchanga bado ni mkavu, kumbe njia yake ya kurudi imeshakatika nyuma yake. Mtu mzima atavuka huku akilowa nguo. Mtoto hawezi kuvuka, na kumbeba mtoto wa kilo 13 anayelia, katika maji yanayosukuma, juu ya ardhi yenye mawe na vigingi vya mwani, si kazi ya kumpa mtu aliyekuja kupumzika.

Jambo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa ndilo linalowadanganya hata watu makini, ni mwendo wa maji yenyewe. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na watu huchukulia kwamba kila saa huleta kiasi kile kile. Sivyo. Mabaharia hukigawa kimo chote cha maji katika sehemu 12: saa ya kwanza huleta sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne huleta 3 kila moja, ya tano 2 na ya sita 1. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini kwa mzazi aliye ufuoni inatosha. Katika bamvua kubwa la hapa kwetu tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, maana yake saa ya tatu peke yake huweza kuleta mita 1, ambayo ni kimo cha mtoto wa miaka minne. Saa ya kwanza huleta thuluthi moja tu ya hiyo. Katika saa hiyo mzazi hutazama, haoni badiliko la maana, moyo wake unatulia, na utulivu huo anaingia nao katika saa ya tatu. Nikimwambia atoke, huniona mwoga, kwa sababu ametazama kwa macho yake mwenyewe kwa saa nzima na hakuona kitu.

Imani ya pili huja pamoja na hiyo: kwamba mtoto akizidiwa atapiga kelele. Mwokoaji wa Marekani Frank Pia, aliyechunguza watu wanaozama, alieleza kwamba anayekufa maji kwa kawaida hawezi kuita, kwa kuwa mdomo unapoibuka juu ya maji hutafuta pumzi kwanza, na kwamba mapambano hayo juu ya maji hudumu sekunde 20 hadi 60. Mtoto mdogo hata mapambano hayaonyeshi. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama na kuteleza hulala kifudifudi, na katika dimbwi la kina cha magoti ya mtu mzima hiyo inatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo, anayetaka likizo ya ufuoni na watoto wadogo iwe rahisi, atazame mwezi kabla ya kutazama hoteli. Hapa Unguja maji ya bamvua, ambayo huandama mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Maji mafu, kuanzia mwezi 8 hadi 10 na tena mwezi 22 hadi 24 hivi, hujaa mnamo saa nne asubuhi, tena kwa upole, bila kupanda wala kushuka sana. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa watoto napendelea maji mafu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, maji yakiwa yanajaa na jua halijawa kali. Siku za bamvua nasema mje saa tisa na nusu alasiri. Maji yaliyojaa huwatisha wazazi, nami hofu hiyo naipenda, kwa sababu humfanya mzazi akae pale pale mtoto alipo, kivulini, hatua mbili kutoka kwenye mikoba yake, na mpaka wa bahari unaonekana wazi. Maji yakianza kurudi kwa nguvu, tokeni, kwani huvuta kuelekea kwenye milango ya mwamba.

Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa. Wazee waliipa nchi hii jina kwa kitendo cha maji, lakini ratiba za likizo tunazipanga kwa saa ya chai na saa ya chakula cha mchana.

Mengine nitayapitia haraka. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, wala asipewe maji ya kunywa kwa kisingizio cha joto. Fulana ya mikono mirefu na kofia humfaa kuliko mafuta yoyote ya jua. Mchanga ukiingia machoni, mwagieni maji safi, msifikiche. Viatu avae majini pia, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu waliojaa penye mawe. Mtoto aliyezoea kulala mchana alale chumbani, kisha ndipo mje.

Maboya ya kupuliza ya kuvaa mikononi siyakubali katika darasa langu. Huchomoka mkononi, huishiwa upepo, na mtoto aliyezoea kuelea nayo huingia majini siku asiyoyavaa akiamini ataelea. Kuhusu masomo yenyewe nina shaka ambayo sijawahi kuiandika. Wazazi huniletea watoto wa miaka miwili, nami nawapokea, kwa kuwa naona wanavyozoea maji na kujifunza kushika ukingo. Lakini nimeona pia kwamba baada ya wiki ya masomo mzazi husogea mbali zaidi na mtoto kuliko siku ya kwanza, na zipo siku ninazorudi nyumbani nikijiuliza kama sikumwongezea mtoto hatari badala ya kumpunguzia. Siku hizi namkataa mzazi asiyekubali kuingia majini pamoja nasi.

Vitabu husema mtoto awe umbali wa mkono wa mtu mzima wakati wote. Ni kweli, ila havisemi mama aliyekuja peke yake na pacha wa miaka miwili afanye nini, na mimi mwenyewe nina jibu nusu tu: aje maji mafu, akae kitako pale maji yanapomfika vifundoni, watoto wacheze upande wa nchi kavu na si upande wa bahari, na mmoja akitaka kwenda chooni waende wote watatu. Penye watu wazima wawili, zamu itajwe kwa sauti. Anayeondoka aseme, "Namwacha kwako," naye asiondoke mpaka ajibiwe, "Ninaye."